Sura ya Saba: Baridi Inayoshuka Ngazi

Upande wa Maryland, kuanzia Silver Spring kwenda Wheaton hadi kule Prince George's, zimejaa nyumba za miaka ya 1960 na 1970 ambazo ukifungua mlango wa mbele huingii sebuleni. Unajikuta umesimama kwenye kijukwaa kidogo katikati ya ngazi: vipandio vichache vinapanda kwenda sebuleni, vichache vinashuka kwenda besimenti. Waswahili wengi wa DMV, kama wenyeji wanavyoliita eneo zima la D.C., Maryland na Virginia, wamepitia nyumba za namna hiyo, ama kwa kununua, ama kwa kupanga chumba cha chini mwaka wa kwanza wa kufika. Januari ikiingia, mashtaka huwa yale yale. Wa chini anapiga simu juu: "Dada, huku tunaganda." Wa juu anashangaa: "Mbona sisi tunatoka jasho? Hata dirisha nimefungua."

Kisa chote kimo katika maneno hayo mawili, maana dirisha lile la juu ndilo linalomgandisha wa chini. Kabla ya kuligundua, watu huzunguka sana. Hukunja taulo wakaliweka chini ya mlango. Hubandika plastiki madirishani. Hununua hita ndogo ya umeme, bili ikapanda, na miguu ikabaki baridi vile vile. Hakuna ubaya katika hayo, ila yote yanashughulika na mahali baridi inapoingilia, ilhali nyumba ya ghorofa hupoteza joto lake kwa juu. Anayetaka kuitibu baridi ya miguu aanze kwa kupanda ngazi hadi mwisho, kisha atazame dari.

Sababu yake ni uzito. Hewa ya nyuzi 21 za selsiasi, ambalo ndilo joto la sebule ya kawaida, ina kama kilo 1.2 katika kila mita ya ujazo. Ya nje ikiwa nyuzi sifuri ina kama kilo 1.29. Gramu tisini hazimtishi mtu, lakini zinajumlishana kwa kimo: kila mita moja ya kwenda juu inaongeza msukumo wa karibu paskali 0.9. Nyumba ya ghorofa mbili yenye besimenti, tuseme mita 8 kutoka sakafu ya chini kabisa hadi dari ya juu, inapata kama paskali 7. Nyufa zikiwa zimesambaa sawasawa, nusu ya msukumo huo inaitoa hewa ya moto kwa juu, na nusu inaivuta ya baridi iingie kwa chini. Katikati pana kimo ambacho hewa haiingii wala haitoki. Paskali tatu na nusu ni kidogo mno, kiganja hakizihisi. Ila upepo wa nje huvuma ukatulia, na huu hautulii maadamu nje kuna baridi na ndani kuna joto, yaani usiku kucha, kuanzia Desemba hadi Machi. Njia yake kuu ni ngazi. Pasipo uwazi wa ngazi kila ghorofa ingebaki na mvutano wake mdogo wa mita mbili na nusu. Ngazi inaziunganisha zote kuwa dohani moja.

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa jambo hili, isipokuwa yeye amelijua kwa upande wa neema. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimepangwa kuzunguka kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, hewa ya moto ikapanda na kutoka, na iliyopoa kwenye vichochoro vyenye kivuli ikaingia kwa chini kuchukua nafasi yake. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilipewa ukumbi wa kati unaopanda ghorofa zote, na vyumba vikaelekezwa huko. Kule hewa inayopanda inashukuriwa. Mjukuu wa mtu aliyelelewa katika nyumba za namna hiyo anafika Maryland, ananunua nyumba yenye ngazi iliyo wazi kwa sababu "inapumua", na bili ya gesi ya mwezi wa pili inamjulisha inapumulia wapi.

Ndani ya mji wenyewe, Petworth, Columbia Heights, Bloomingdale, nyumba ni za matofali zilizojengwa safu, ukuta kwa ukuta. Nyingi ni kazi ya Harry Wardman, Mwingereza aliyezaliwa Bradford mwaka 1872, ambaye kabla ya kuwa tajiri wa majengo alikuwa seremala wa kutengeneza ngazi. Alijenga nyumba kwa maelfu kabla mdororo mkubwa wa uchumi haujamfilisi. Nyumba za safu zina tatizo la mwanga, kwa kuwa ubavu ni wa jirani na hauna dirisha. Basi wajenzi wengi wa mji huu waliweka dirisha la paani juu kabisa ya ngazi, mwanga ukateremka hadi chini. Ni ubunifu mzuri sana kwa macho. Kwa joto, ni tundu lililowekwa mahali pabaya kuliko pote. Fremu yake ikilegea baada ya miaka themanini, hakuna anayejua, maana pale juu hewa inatoka, haiingii, na mtu hahisi upepo unaomwacha.

(Hata hivyo Washington ina nafuu moja: sheria ya Bunge ya mwaka 1910 inazuia majengo marefu. Katika maghorofa ya New York na Chicago msukumo huu huwa mkubwa kiasi cha kuufanya mlango wa chini uwe mgumu kufungua wakati wa baridi. Mlango wa kuzunguka, ambao Theophilus Van Kannel wa Philadelphia aliupatia hataza mwaka 1888, umepata soko lake kubwa huko kwa sababu upande mmoja hauwezi kufunguka bila upande mwingine kuziba.)

Tundu la juu si lazima lionekane. Ngazi ya mbao inayoegemea ukuta hufungwa kwenye ukuta huo na ubao mrefu wa ubavuni, na mara nyingi fundi aliufunga ubao kwanza, plasta ikaja baadaye na kuishia ukingoni mwake. Nyuma ya ubao pakabaki ufa unaoanzia besimenti na kupanda mshazari hadi ghorofa ya juu. Stoo iliyo chini ya ngazi nayo, pale tunapotupa mabuti na mifuko ya safari, mara nyingi haikupigwa plasta ndani kabisa. Ingiza mkono kwenye pembe yake ya mwisho, ambapo dari inakutana na sakafu, siku ya baridi kali. Wengi hukutana na mbao tupu, na kati ya mbao hewa baridi inayotembea.

Elimu ya njia hizi za siri haikutoka mbali. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na Robert Socolow, walizipima nyumba za safu za mtaa wa Twin Rivers, New Jersey, ambazo wakati huo zilikuwa mpya. Walikuta uwazi wa darini una joto zaidi kuliko hesabu ilivyoruhusu. Pamba ya kioo ilikuwa imetandazwa ipasavyo, lakini joto lilikuwa linaizunguka. Lilipanda ndani ya matofali yenye matundu ya ukuta wa pamoja na jirani, na kwenye uwazi unaozunguka bomba la moshi, likafika darini bila kuigusa pamba. Kabla ya hapo jibu la kila mtu lilikuwa kuongeza pamba. Twin Rivers ilionyesha kwamba pamba juu ya tundu ni chujio tu. Hewa inapita, inaacha vumbi. Mpaka leo fundi mzuri akifunua pamba ya darini hutafuta mahali ilipokuwa nyeusi, kwa sababu weusi ule ni vumbi la nyumba lililochujwa miaka nenda miaka rudi, na chini yake lazima pana ufa.

Rais wa wakati ule alikuwa na dawa yake. Tarehe 2 Februari 1977, katika msimu wa baridi uliokausha akiba ya gesi, Jimmy Carter aliketi Ikulu ya Washington akiwa amevaa sweta, akawaomba Wamarekani washushe joto la nyumba hadi nyuzi 65 za Farenhaiti mchana na 55 usiku, yaani karibu 18 na 13 za selsiasi. Walimcheka sana kwa lile sweta. Kwa upande wa ngazi, alikuwa sahihi kuliko walivyodhani: nje kukiwa na sifuri, kushusha ndani kutoka 21 hadi 18 kunapunguza msukumo wa dohani kwa sehemu moja ya saba, na kila ufa wa nyumba unapumua polepole zaidi siku hiyo hiyo bila mtu kushika nyundo.

Kuziona nyufa hakuhitaji mitambo. Wakaguzi wa nishati hutembea na kalamu ya moshi. Nyumba ya Mswahili ina kijiti cha udi. Ngoja usiku wa baridi usio na upepo, funga madirisha yote, zima feni za bafuni na jikoni, ipumzishe hita mpaka feni yake inyamaze. Washa kijiti kimoja tu. Chetezo na makaa viache, kwa kuwa kengele ya moshi imewekwa juu ya ngazi makusudi, na itakuamshia mtaa.

Anzia chini. Kishike kijiti kwenye ufa wa mlango wa besimenti: moshi unalala kuelekea ndani. Pita kwenye soketi za umeme za ukuta wa nje, kisha pale mbao za sakafu zinapokalia msingi, na utaona unavyopinda. Panda hadi ghorofa ya kati, jaribu kwenye dirisha. Huenda moshi ukasimama wima tu, haujui uende wapi. Hapo umekifikia kile kimo kisicho na msukumo. Endelea juu. Kwenye madirisha ya vyumba vya kulala moshi unavutwa kuelekea nje. Kwenye kifuniko cha darini unapanda mnyoofu kama uzi, halafu, shubiri moja kabla ya kufika, unachapuka na kumezwa na ufa. Ukiona hivyo umempata mwizi. Kama kile kimo kisicho na msukumo umekikuta juu sana, karibu na ghorofa ya mwisho, ujue matundu makubwa yako juu; likiwa kubwa mno la chini, kimo nacho hushuka.

Sasa shuka kasimame kwenye kipandio cha mwisho, kishushe kijiti hadi kifundo cha mguu. Mara nyingi moshi utatambaa kutoka ngazini kwenda sebuleni, na hapa wengi hukosea, wakadhani juu pana tundu linaloingiza baridi. Huo ni upepo wa pili, tofauti na wa kwanza. Hewa iliyogusa kioo cha dirisha kubwa la juu imepoa, ikawa nzito, ikateleza sakafuni, ikapita chini ya kishikio cha ngazi na kushuka kipandio kwa kipandio. Haijatoka nje hata kidogo. Wakati huo huo, karibu na dari ya ngazi, hewa ya moto inapanda kuchukua nafasi yake. Inua kijiti taratibu kutoka kifundoni hadi juu ya kichwa na utauona moshi ukigeuza mwelekeo mbele ya macho yako. Mzunguko huu haupotezi joto kwa wenyewe, ila unamfanya aliyeketi chini aongeze hita, na wa juu afungue dirisha. Viwango vya starehe vya wahandisi wa Marekani vinataka tofauti ya joto kati ya kichwa na kifundo cha mtu aliyeketi isizidi nyuzi 3. Kochi lililowekwa mkabala na ngazi mara nyingi halitimizi kiwango hicho.

Upo na upepo wa tatu, wa hita yenyewe. Nyumba nyingi za huku zina tundu moja kubwa la kurudishia hewa kwenye hita, na mara nyingi limewekwa ukumbini karibu na ngazi. Feni ikianza kuvuta, hewa ya vyumba vyote vilivyofungwa milango inatafuta njia ya kufika pale, na ngazi inakuwa barabara. Ukihisi ubaridi unaokuja na kukatika pamoja na mlio wa feni, usihangaike na silikoni. Acha milango ya vyumba wazi kidogo uone kama unapungua.

Tukirudi kwa mwizi: kifuniko cha darini kikiwa ni kile chenye ngazi ya kukunja, tundu lake la kawaida lina inchi 22 kwa 54, sawa na sentimita 56 kwa 137, na kilichoziba ni kipande cha plaiwudi chembamba kisichozuia joto lolote. Chukulia mzingo wake una mwanya wa milimita 3 tu. Ukijumlisha, ni tundu la sentimita za mraba 116, karibu upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Kwa msukumo wa paskali 3.5, hesabu ya kawaida ya mafundi inatoa kama mita 60 za ujazo za hewa kila saa, yaani vyumba viwili vya kulala vilivyojaa joto, vinatoka kila saa na mahali pake panaingia hewa ya nyuzi sifuri. Ni zaidi ya wati 400 mfululizo, kwa ufa usioonekana ukiwa umesimama chini yake.

Dawa yake ni ya bei ndogo: utepe wa sponji kuzunguka fremu, ndoano mbili za kukivuta kifuniko kiukaze utepe huo, na juu yake, kwa upande wa darini, kisanduku cha povu gumu kinachofunika ngazi nzima. Kisha zile nyufa zenye pamba nyeusi. Uwazi unaozunguka bomba la moshi usizibwe kwa povu wala pamba ya karatasi, kwani bomba ni la moto. Huzibwa kwa bati na dawa ya kuziba inayostahimili moto. Baada ya kuziba ndipo pamba iongezwe. Dirisha la paani likazwe, au liwekewe kioo cha pili kwa ndani. Pembe ya stoo ya ngazini ifungwe, ufa wa ubao wa ubavuni upigwe silikoni. Chini huja mwisho, na mlango wa mbele mwisho wa yote. Ukianza na mlango, msukumo haupungui. Utahamia kwenye nyufa nyingine za chini.

Kwa ule upepo wa pili dawa ni kizuizi: mlango kwenye ngazi ya besimenti, kama ule ambao wenye nyumba za Petworth wanaung'oa siku hizi ili nyumba ionekane pana, au pazia zito lililogusa sakafu, mradi lisizibe njia ya kutokea moto ukizuka. Napendelea mlango. Pazia watoto hulifanya bembea.

Ila nyumba isizibwe kiholela. Kama hita ya maji au ya nyumba inachoma gesi besimenti na kutegemea bomba la moshi la kawaida, feni za jikoni na bafuni katika nyumba iliyokazwa zinaweza kuurudisha moshi ndani, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kipimo cha gesi hiyo kiwepo kila ghorofa, na mtu asiote moto wa oveni wala asiingize jiko la mkaa ndani, hata kwa dakika kumi. Tena hewa inayoingia kwa chini haitoki mlangoni tu. Nyingine inanyonywa kutoka ardhini na kuja na radoni, gesi ya asili inayosababisha saratani ya mapafu. Montgomery, ya Silver Spring na Wheaton, ni miongoni mwa kaunti zilizo hatarini zaidi, na tangu Oktoba 2016 imeamuru nyumba ya familia moja ipimwe radoni kabla ya kuuzwa. Kuziba juu kunapunguza mnyonyo huo. Kuziba chini ovyo na kuacha juu wazi kunaweza kuuongeza.

Linabaki la wa juu na wa chini. Kidhibiti cha joto kikiwa kwenye ukuta ulio mkabala na ngazi, kinasoma ule mkondo wa baridi unaoshuka, kinaiwasha hita, na vyumba vya juu vinachemka. Wa juu akifungua dirisha amefungua dohani kileleni, na kila kiasi kinachotoka kwake kinaingia kikiwa baridi kwa mpangaji. Apunguze tundu la hita la chumbani mwake, aongeze la chini, na kidhibiti kihamishwe. Ndani ya D.C. mpangaji ana sheria upande wake: mwenye nyumba ambaye ndiye anayeidhibiti hita lazima ampatie walau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za selsiasi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, na 65 saa zilizobaki. Asiye na uwezo wa kugharimia matengenezo, awe mwenye nyumba au mpangaji aliyekubaliwa na mwenye nyumba, aulizie mpango wa serikali ya shirikisho wa kukarabati nyumba dhidi ya baridi, ulioanzishwa mwaka 1976 na unaofanya kazi D.C., Maryland na Virginia.

Mafundi wa mpango huo huja na feni kubwa wanayoifunga kwenye mlango wa mbele. Inaivuta hewa ya nyumba mpaka tofauti na nje ifike paskali 50, na kwa wingi wa hewa inayopita wanajua nyumba nzima inabadilisha hewa mara ngapi kwa saa. Kanuni kielelezo ya nishati, tangu toleo lake la 2012, inataka nyumba mpya za ukanda huu zisizidi mara 3. Nyumba kongwe hupita 10 bila taabu. Mwombe fundi apime kabla ya kuziba na baada ya kuziba, na wakati feni inanguruma panda naye juu, simameni chini ya kifuniko cha darini na mnyanyue mikono. Feni imeugeuza upepo, na kile kilichokuwa kikitoka kimya kimya sasa kinawapulizia usoni.